Shubiri ya Damaris

Damaris Mokeira hupima kwa mkono. Akija kukujengea jiko la kuni lenye bomba la moshi, hapandi juu ya paa kabla hajatandaza vidole kati ya mahali bomba litakapopita na mbao iliyo karibu. Shubiri yake isipoenea, anahamisha bomba, hata kama jiko limeshachorwa sakafuni na wewe umeshanuna. Wenye haraka huku kwetu Keumbu wanamwita Mama Shubiri, naye huitika.

Sababu yake haifichi. Jiko la kwanza alijijengea mwenyewe, akalisifu kwa kila mpita njia, kumbe bomba lilikuwa limegusa mbao za dari. Watu walitoka salama, lakini jiko, paa na mbegu ya wimbi aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa viliteketea. Tangu hapo hununua unga wa wimbi katika soko la Daraja Mbili kama mtu asiye na shamba, na jambo hilo humuuma.

Mimi ndiye niliyemwita kwetu. Mama mkwe wangu, Bonareri, alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, na daktari mmoja wa Nyamira alituambia wazi kwamba moshi utammaliza. Kuhamia nyumbani kwangu alikataa. Kupikiwa alikataa pia. Eti mwanamke gani anapikiwa na mikono anayo? Basi kilichobaki ni kuutoa moshi jikoni mwake.

Damaris alifanya kazi polepole mpaka nikachoka kumtazama. Alijenga kwa matofali na udongo wa kichuguu, mbali na ukuta. Bomba lilipotoboa paa aliweka bati pana lenye tundu, mbao zisikaribiane na joto, na juu kabisa akavisha kofia ya kuzuia mvua. Kuni zilizorundikwa karibu akazihamishia mlangoni. Akatukataza kuwasha mpaka udongo ukauke. Tulipowasha, moshi ulitokea juu ya paa, na Mama akasonga ugali bila kukohoa. Nilifurahi mno.

Furaha haikudumu, kikohozi kilirudi. Damaris alipokuja kutoa masizi, alinusa, akapanda darini, akaniita. Kiungo cha bomba kilikuwa kimechomolewa kidogo, moshi unamwagika humo darini, na gunia la wimbi limeegemezwa kwenye bomba lenyewe. Upande mmoja lilikuwa limeanza kubabuka.

Hasira zilinipanda. "Mama, unataka kutuchoma?"

"Mokamwana, punguza sauti," alinijibu, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mke wa mwana. "Hiyo mbegu nilipewa na mama ya mzee wangu. Siku zote imekaa kwa moshi ndio wadudu wasiikule. Huyu fundi amekuja akatoa moshi. Aliniuliza moshi ulikuwa na kazi gani?"

Nilitaka kujibu, Damaris akanigusa bega. Alivuta kigoda, akakaa karibu na Mama. "Sikuuliza," alisema. "Na mimi ndiye nilifaa kuuliza kuliko mtu yeyote." Akamsimulia habari ya jiko lake lililoungua. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha Damaris alichekecha majivu makavu ya jiko lile lile, akayachanganya na wimbi, akajaza chungu na kukiziba mdomo kwa udongo, akisema majivu yatazuia wadudu badala ya moshi. Mama hakuamini hata kidogo. Alikubali kwa sharti moja: wadudu wakiingia, bomba ling'olewe. Damaris akasema sawa, akakikaza kiungo kwa waya. Mimi nikabaki roho juu msimu mzima, kwa sababu nilijua mbegu ikiharibika Mama atarudi kwenye moshi, na huko hatatoka.

Mvua zilipokaribia, Mama alimwita fundi wake na chungu kikafunguliwa mbele yetu. Nilipepeta majivu uani. Mama alizileta punje karibu na macho, akatafuna chache, akazitazama tena. Zilikuwa nzima. Aliingia ndani akatoka na bakuli, akalijaza, akamnyooshea Damaris.

Damaris alirudisha mikono nyuma. "Mama, mimi nilichoma ile nilipewa."

"Ndio nakupea. Ikikaa kwangu peke yake, siku jikoni yangu itaungua itakuwa imeisha. Chukua, upande."

Mwanamke yule hupanda mapaa bila woga, lakini siku hiyo alifuta mikono kwenye nguo mara mbili kabla ya kuligusa bakuli. Alipokea, akatoka bila kuaga, na mimi nilijifuta macho kwa leso nikisingizia majivu.

Bakuli lilirudi baada ya mavuno. Lilikuwa limejaa unga wa wimbi, na haukuwa wa kununua.