Mtungi wa Maji Nilioumwaga Newala

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa korosho, mwanangu, na kila nikiukumbuka mabega yangu yananyooka yenyewe, ijapokuwa siku hizi kuyanyoosha kunaniuma. Umenikumbusha wewe mwenyewe, Tunu mjukuu wangu, uliponionyesha kwenye simu kile kisanduku cha vidonge vya homeopathia unachotaka kuagiza kutoka Dar es Salaam. Umesema utakiweka nyumbani kwako Masasi kwa huduma ya kwanza, kwa kuwa mtoto ameanza kutambaa na kushika kila kitu. Uliniuliza kama vinafaa, nikakwambia nitakujibu nikikaa vizuri. Leo nimekaa vizuri. Chai ipo, muhogo upo, na wewe huna pa kukimbilia.

Vidonge hivyo navifahamu tangu mama yako hajazaliwa. Nilikuwa mke mpya, nimetoka kwetu Lulindi kuja kuolewa na babu yako Newala, kule juu. Wewe umekuta mabomba, hata kama yanatoa maji siku wanazotaka wao, kwa hiyo sharti nikueleze maji yalikuwa kitu gani. Kwetu Lulindi maji yalikuwa jirani. Mtoto akichafuka anapelekwa kijitoni, akiungua anakimbizwa kijitoni, na hakuna aliyeona ni jambo la kujadiliwa. Newala mvua inanyesha, mchanga unaimeza, na maji yenyewe yako chini bondeni. Mwanamke aliteremka mteremko ule na ndoo tupu kabla hakujapambazuka vizuri, akapanda nayo imejaa jua likiwa limeshatoka. Maji yaliyooshea mboga yalioshea vyombo, na yaliyooshea vyombo walipewa kuku.

Mama mkwe wangu, yaani mama yake babu yako, alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyepitwa na kitu. Nilipofika tu alinisimamisha mbele ya mtungi mkubwa uliokuwa jikoni, akaniambia kwamba pale kwao mke hurudishwa kwa wazazi wake kwa uvivu, kwa ulimi, au kwa maji. Uvivu sikuwa nao. Ulimi niliufunga, ingawa wewe unayenisikia leo huwezi kuamini. Maji ndiyo niliyoyaogopa, hata uso nilikuwa naunawa kwa kiganja kimoja.

Sasa sikiliza habari ya korosho, maana humo ndimo kosa lilimojificha. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali. Ukizikaanga, mafuta yale yanashika moto na kurukaruka, na yakigusa ngozi yanang'ang'ania kama ulimbo. Ndiyo maana wabanguaji walijipaka jivu mikononi kabla ya kuanza kazi, na mkono ukabaki salama. Basi watu wa kule waliliheshimu jivu kupita kiasi. Kwa kuwa liliukinga mkono mzima, waliamini litauponya na mkono ulioungua, na tena jivu halikupandishwa mlima na mtu. Aliyerukiwa na mafuta alishikwa, mkono ukazikwa kwenye rundo la jivu, wakasema tayari, ametibiwa.

Palikuwa na jirani yetu, Mama Sijaona, aliyefanyiwa hivyo utotoni. Kidonda kilioza chini ya jivu, na kilipopona vidole vilikuwa vimeshikamana, mkono ukabaki ngumi isiyofunguka. Alikuwa mchapakazi, analima na kubangua kwa mkono mmoja, lakini akitaka kumsuka mwanawe nywele ilibidi amwite mtu. Watu walisema korosho ndiyo iliyomfunga vidole. Hakuna aliyelitaja jivu.

Na vidonge? Vidonge vililetwa na shemeji yangu Hamisi, kaka yake babu yako. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam kwa tajiri mmoja aliyeipenda sana tiba hiyo, na alipoacha kazi akapewa kisanduku cha vichupa. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje za mtama, vitamu. Kichupa hiki cha kuvilia damu, hiki cha kuumwa na nyuki, hiki cha kuungua, hiki cha mshtuko. Shemeji alitueleza kwamba kitu kinachokuumiza, kikichanganywa na maji, kikapunguzwa, kikapunguzwa tena mpaka hakionekani, basi kinakuponya. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, kama hakionekani, wewe unajuaje kwamba kimo? Shemeji akasema mambo ya kitaalamu hayaelezeki uani. Alikuwa mtu mwema sana, lakini alikipenda kile kisanduku kuliko baiskeli yake.

Mchana ule babu yako alikuwa ameshuka Tandahimba. Mama mkwe alikuwa uani anakaanga korosho kwenye kipande cha pipa kilichotobolewa matundu, anazigeuza kwa mti mrefu, moshi mweusi umetanda. Kando yake alicheza Somoe, binti yake wa mwisho, mtoto aliyekuwa bado anang'oka meno ya mbele. Korosho moja iliruka ikaangukia karibu na moto. Somoe akanyoosha mkono kuiokota. Papo hapo mafuta yakalipuka, yakamrukia mkono wa kulia, kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo.

Kilio kile, mwanangu, sijakisahau. Mama mkwe alitupa mti, akamkwapua mtoto na kuanza kumvutia kwenye jivu. Shemeji akakimbilia ndani, akatoka na kisanduku, akachuchumaa, akawa anasoma vichupa kimoja kimoja, midomo inamcheza, huku anatuambia tusubiri, asije akakosea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Nyuma yangu mtungi ulikuwa umejaa, maji niliyoyapandisha mwenyewe asubuhi ile, maji ya nyumba nzima.

Nilimtazama Somoe, nikauona mkono wa Mama Sijaona.

Niliogopa, sikufichi. Nilijiona nimefungasha nguo zangu, narudi Lulindi, mama yangu ananiuliza nimefanya nini. Lakini nilijiuliza pia nitaishije katika ua ule, kila siku naitazama ngumi ya mtoto niliyeweza kumsaidia nikajihurumia mimi. Nikaenda, nikamtoa Somoe mikononi mwa mama yake kabla hawajalifikia jivu. Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Kesho utanirudisha kwetu. Leo niache."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilichota kata ya kwanza nikaumwagia ule mkono, nikachota ya pili, sikusimama. Palikuwa na ushanga umemkaza kifundoni, nikaukata kwa meno kabla mkono haujavimba. Mafuta yaliyokwisha kuganda kwenye ngozi sikuyabandua. Niliendelea kumwaga, polepole, maji yanatiririka juu ya vidole na kuzama mchangani. Somoe alijinyonganyonga kama samaki. Hapo shemeji alikuwa ameshakipata kichupa chake, akamtia mtoto vidonge chini ya ulimi. Ule utamu ukamshangaza, akanyamaza kidogo, akawa anavimung'unya huku machozi yanamtoka. Nikamwambia shemeji amshikilie vivyo hivyo, na akamshika vizuri, kwa upole, anamwimbia sikioni. Kwa hiyo vidonge navyo vilikuwa na kazi yao siku ile, siwezi kuvinyima haki.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini mchangani, anaitazama kata inavyopanda na kushuka. Alisema neno moja kwa Kimakonde, "Medi," yaani maji, kama mtu anayemtaja marehemu. Mtungi ulipofika chini niliuinamisha, nikakung'uta mpaka tone la mwisho. Ndipo aliposema kwa sauti ndogo, "Maji yakimwagika hayazoleki." Nilijua ananiambia mimi.

Nikautandaza mkono wa Somoe juu ya khanga safi, nikaufunika bila kukaza. Shemeji akampakia kwenye baiskeli kwenda hospitali, sisi wawili tukafuata kwa miguu.

Hospitali muuguzi aliifungua khanga, akaugeuza mkono huku na huku, akauliza nani aliyemmwagia mtoto maji. Mama mkwe akaninyooshea kidole haraka, kama anayemwonyesha polisi mwizi. Muuguzi akanitazama. Alisema, "Huyu ameuokoa mkono wa mtoto. Nashukuru na jivu hamkumpaka." Kisha akaendelea na kazi yake, akamsafisha, akamfunga, akatueleza siku za kumrudisha. Kwake lilikuwa neno la kawaida. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya ukuta, kwa furaha na kwa uchovu.

Lakini ushindi wenyewe hasa ulikuja asubuhi yake. Niliamka mapema kuteremka bondeni, maana ndani hamkuwa na maji hata ya kunywa, nikakuta ndoo yangu haipo. Mama mkwe naye hayupo. Yeye magoti yalikuwa yamemkatalia mteremko ule tangu zamani; kazi hiyo aliwaachia wanawake vijana. Nilisimama njiani sijui nifanye nini. Mara nikawaona wanawake wanapanda, na mbele yao mama mkwe wangu, ndoo kichwani, anapumua kwa nguvu, amekataa kupokelewa na mtu. Alinipita bila salamu. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Aliingia jikoni, akaimimina ile ndoo yote mtungini, akaupigapiga ule mtungi kwa kiganja, kisha akanigeukia mbele ya wale wanawake wote.

"Marahaba," akasema. "Jana nilisema maji yakimwagika hayazoleki. Nimeyazoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwanangu, mimi nimeozesha, nimevuna, nimepongezwa na watu wakubwa. Sijapata kusimama wima kama nilivyosimama pale jikoni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaanga korosho katika ua ule bila ndoo ya maji kando ya moto. Majirani wakaiga, wakaiita ndoo ya Mlulindi, na Mlulindi ndiye mimi. Ilikuwa gharama, ndoo nzima kukaa tu inangoja, lakini waliilipa kwa hiari. Na mama mkwe, Mungu amrehemu, alivyozeeka alianza kuisimulia habari ile kana kwamba kata aliishika yeye. Nilikuwa nakaa pembeni nikimsikiliza, naitikia, "Kweli, Mama." Mama Sijaona alikuwa anakuja kuisikiliza pia. Siku moja alimwita Somoe, akaushika ule mkono kwa mkono wake mzima, akavikunja na kuvikunjua vidole, kimoja baada ya kingine. Mimi nilikwenda kuangalia mboga, na mboga haikuwa na shida yoyote.

Somoe mwenyewe unamjua. Ni huyo huyo bibi yako Somoe, fundi wa Tandahimba. Lile gauni ulilovaa siku ya harusi yako, lenye vishanga shingoni vilivyoshonwa kwa mkono hata watu wakauliza limetoka nchi gani, limetoka kwenye vidole vile. Unadhani kwa nini nililia kanisa zima likinitazama? Ninyi mlisema bibi analia kwa kuwa mjukuu anaondoka. Masasi kwako si mbali kiasi hicho.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikitaka kisanduku chako, kinunue. Mtoto akijigonga kichwa mezani au akiparuzwa na paka, mpe kidonge kitamu umbembeleze, hakuna atakayekugombeza, ingawa mimi sijaona kidonge kile kikifanya kazi ambayo busu la mama na subira visingeifanya. Lakini mtoto akiungua, usikimbilie kisanduku, wala jivu, wala hiyo dawa ya meno mnayopakana siku hizi. Kimbilia maji safi ya baridi ya kawaida, umwage kwa muda mrefu, umvue bangili, usitumbue malengelenge, umfunike kwa nguo safi, na kama ni kubwa au ni mkono, uso au sehemu za siri, hospitali. Akijikata, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha maji na sabuni. Nyoka akimuuma, hapo hata mimi usinipigie simu kwanza. Mtulize asitembee, mtafutie usafiri, mwende. Mdharau mwiba mguu huota tende, na anayesoma vichupa nyumba ikiungua atakuja kusomea majivuni.

Na jambo kubwa kuliko hayo. Dawa za watu hufuata kilicho karibu nao na kilicho rahisi kwao. Walio na jivu husema jivu, wenye kisanduku husema kisanduku. Wewe ukijua lililo sahihi, na lililo sahihi ni ghali, na mkubwa wako amesimama anakutazama, omba radhi kwanza, kisha umwage mtungi wote.

Haya, nyanyuka ukamtazame mtoto, naona amenyamaza, na mtoto akinyamaza ujue yuko kazini. Mungu akupe nyumba isiyokaukiwa maji, akupe mkono mwepesi na moyo usiobabaika. Wanao wakue na vidole vyao vyote vikiwa vimefunguka, na siku utakayokuwa mgeni mahali, wenyeji wako wapone.