Saa ya Kijasusi ya Baba

Mimi ni mtu wa wasiwasi, nimezaliwa nao. Ndiyo maana tangu usichana wangu, kwenye kibanda cha video pale Nyakahura, filamu za mapenzi sikuzitaka. Nilitaka za majasusi na za wale mashujaa wanaoruka angani na joho mgongoni, kwa sababu humo vifaa haviharibiki. Jasusi akizingirwa anabonyeza kitufe, gari lake linageuka boti. Shujaa akipiga mluzi, gari linakuja lenyewe bila dereva na kumfuata hapo hapo alipo. Na yule mtafsiri wetu, aliyekuwa anaongea juu ya sauti za Wazungu, alituongezea chumvi: "Jamani, saa hii mnayoiona, hata ukijificha kaburini inakuona!" Wafugaji wa Kisukuma waliotoka mnadani waliguna tu. Mimi niliamini.

Miaka ikapita, na baba akaanza kupotea. Kwanza alipotea njia ya kanisani, alikosali ujana wake wote. Kisha wakamkuta shambani kwa watu, anawauliza nani kaling'oa jiko lake. Anaishi Mabawe na kaka yangu na wifi. Mimi nina duka la nafaka Nyakahura, na kufika kwao ni safari ya kubadilisha magari. Nikaagiza saa. Ni saa ya watoto, ya plastiki, ina laini ya simu ndani yake, na kwenye simu yangu inanionyesha ramani yenye nukta ya kijani: baba yuko hapa. Nilimvalisha kwa mkono wangu, nikamwambia ni ya majasusi. Alicheka, akauliza kama inapiga risasi.

Nilidhani sasa nitapumzika. Thubutu! Ile nukta ikawa ugonjwa wangu. Nilipima mchele jicho moja likiwa kwenye mizani, jingine kwenye simu. Kwetu Mabawe mtandao una vituko vyake, ukipanda kilimani simu inashika minara ya Burundi. Siku moja nukta iliruka ikatua ng'ambo ya mpaka, kwenye bonde lisilo na nyumba hata moja. Nilipiga simu hapo hapo. Wifi akajibu bila haraka, "Baba yuko hapa anakula maharage. Wifi, utatuua kwa presha."

Kwa hiyo siku ile nukta ilipotulia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, tangu asubuhi bila kusogea, nilimshukuru Mungu na nikauza kwa moyo mweupe. Mchana kaka akapiga.

"Baba amekuja kwako?"

"Kwangu atafikaje? Yuko hapo nyuma kwenye migomba. Namwona."

"Tunamtafuta tangu asubuhi. Huko nyuma kuna ng'ombe tu."

"Nenda kaangalie tena. Usikate simu."

Nilisikia kandambili zake zikikanyaga majani makavu ya mgomba. Halafu akasema polepole, "Dada, saa kaivaa ng'ombe."

Ilikuwa imefungwa kwenye kamba ya shingoni, imekazwa vizuri kwa uzi wa katani. Hapo ndipo wifi akakumbuka kwamba jana yake baba alikuwa anamsifia ng'ombe wake na kumwonyesha ile saa. "Mimi nina watu wa kunitafuta," alisema. "Huyu ana nani?" Wifi alidhani ni utani wa kizee. Wazee wa kwetu ndivyo walivyo, kitu kizuri kikiingia nyumbani lazima ng'ombe naye apate fungu lake. Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

Nilipata gari dogo la kwenda Ngara mjini, nikabanwa kiti cha nyuma na magunia. Kwenye simu nukta bado ilikuwa pale pale, ya kijani, imestarehe. Niliichukia kama mtu. Nilifikiria mito. Nilifikiria malori ya mizigo yanayoshuka vilima yakitoka mpakani, na baba asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Ingekuwa filamu, dereva angebonyeza kitufe tukapaa. Dereva wetu alisimama kununua ndizi, akabishana bei, akarudi kuchagua mkungu mwingine. Nilimpigia kelele hadi abiria wenzangu wakanishangaa.

Kutoka mjini nilichukua bodaboda, nikamwomba kijana aende taratibu nipate kutazama kando za njia. Kila mzee mwenye fimbo niliyemwona moyo ulinilipuka, na kila mmoja alikuwa wa watu wengine. Jioni, tukikaribia njia ya kuingia kwetu, niliona koti la kahawia kando ya tanuru la matofali. Nilishuka pikipiki haijasimama.

Alikuwa amekaa juu ya tofali, amevaa koti la Jumapili, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mapajani ana mfuko wa parachichi. Aliponiona nakuja mbio alijiinua kwa fimbo yake, akasimama wima.

"Shikamoo, mama," akasema kwa Kiswahili. "Samahani kukusumbua. Namtafuta binti yangu, ana duka Nyakahura. Njia ni hii?"

Kwetu Kiswahili ni cha shule, cha soko na cha ofisini. Baba hajawahi kunisemesha kwa Kiswahili hata siku moja. Amenikaripia kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, amenibariki kwa Kihangaza. Nilimsogelea mpaka karibu kabisa, anione uso. Alinitazama kwa adabu, mfuko ameukumbatia, anasubiri jibu. Mtu akikuamkia, huwezi kumwacha amesimama tu.

"Marahaba," nilimjibu. "Njia ni hii hii, baba. Twende nikupeleke."