Usubi Wangu Uliponadiwa Kanisani

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili ya mavuno hapa Kihesa, niliweka kikapu changu sakafuni karibu na madhabahu, na aibu niliyoipata siku ile (majirani bado wananikumbusha) ilianzia hapo, ingawa mimi nilikitafutia ubaridi wa saruji tu.

Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa mbili za usubi kwenye spiriti, moja kutoka banda la kuku la dada yangu kule Mbalizi, nyingine kutoka nyufa za ukuta wangu. Usubi ni wadogo kuliko mbu, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa vidonda vinavyochelewa kupona. Mtafiti mmoja aliyekuwa anaondoka saa sita aliahidi kupima vinasaba vyao, tujue kama hawa wa Kihesa wana undugu na wale wa Mbalizi, pengine walikuja na magari ya kuku. Nilikuwa nimewatega msimu mzima kwa karatasi zilizopakwa mafuta ya nyonyo.

Baada ya ibada nikasimama nje kusalimiana, na niliporudi mnada wa sadaka ulikuwa umeanza, Baba Eliza, mnadi wetu, ameinua juu kikapu changu nilichokifunika kwa kitenge.

"Hicho ni changu," nikasema.

"Kilichofika madhabahuni ni cha Bwana, mzee. Elfu mbili naanza."

"Tano," nikasema upesi mno.

Mama Sekela, jirani yangu, akageuka. "Mzee wa kanisa anakimbilia hivyo? Humo kuna asali. Kumi."

"Mama, ni wadudu."

"Ndiyo, nyuki. Kumi na tano."

Watu wakacheka, nami nikazidi kupandisha (kila nilivyong'ang'ania ndivyo alivyoamini asali), mpaka akaniachia.

"Sadaka irudi! Irudi!" wakaimba. Kwetu mnunuzi hurudisha kitu kiuzwe tena, na anayewahimiza wengine kila mwaka ni mimi.

"Hairudi," nikasema.

Baba Eliza akafunua kitenge, akainua chupa, akanusa kizibo. "Mzee, umenunua vidudu vilivyolewa?"

"Nami nilibakiza kidogo niseme thelathini," akasema Mama Sekela.

Nikatoka mbio. Mtafiti alikuwa ameshawasha gari. Alipokea chupa zote mbili, nzima.

Tangu siku ile kikapu changu hakigusi sakafu ya kanisa, hata joto liwe vipi. Kuwanunua wadudu niliowakamata mwenyewe kulinigharimu shilingi elfu ishirini na nane.