Sauti Zote za Muvi ya Bata

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Juni, saa tisa na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu umeme ulikuwa ndiyo kwanza umerudi na mdogo wangu aliniita kutoka sebuleni kwamba tv imewaka. Yeye ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Mimi nina kumi na sita, nipo kidato cha tatu. Mama alikuwa Mwaloni, Kirumba, anakouza dagaa, na kwa kawaida harudi kabla ya saa kumi na moja.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimempeleka mdogo wangu Mabatini, kwenye kibanda wanachoingiza muvi kwenye flashi. Mimi huwa naona aibu kuongea na watu wa dukani, kwa hiyo nilimwacha achague mwenyewe. Akachagua katuni, halafu akasema nafasi iliyobaki waijaze na muvi yoyote yenye watoto. Sikuangalia wameweka ipi.

Tulipoifungua nikaona watoto wanne wa kizungu wamekaa kwenye ngazi, mmoja wao ameficha bata ndani ya sweta. Nikajua kabla mtu hajasema neno. Halafu sauti ya baba ikasema, "Karibuni watazamaji, kaeni vizuri. Na wewe uliyekalia ndoo ya mwenzako, mrudishie."

Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa hata kutembea hajaanza. Kazi ya baba ilikuwa kutafsiri muvi za nje kwa Kiswahili, wenyewe wanawaita Dj, mtu mmoja anaongea juu ya muvi nzima, mwanamume yeye, mwanamke yeye, bunduki yeye. Alirekodia kwenye chumba nyuma ya banda la video, kuta zimebandikwa trei za mayai, maiki imevalishwa soksi. Muvi ya bata ilikuwa na sehemu mbili. Alifanya sauti ya shangazi mkali, ya bwana mwenye masharubu, hata ya bata mwenyewe. Ya mtoto wa tatu tu, kasichana kenye pengo, alinipa mimi. Alininunulia soda akaniambia nisicheue mpaka tumalize.

Simu yake iliibwa wakati wa msiba. Nyumbani tuna picha yake moja ukutani, sauti hatuna. Mimi nilijua sauti ipo mjini, kwenye vibanda, na kwa miaka saba sikuitafuta. Nitasema kwa nini.

Mdogo wangu alicheka tangu mwanzo. Na mimi nilicheka, maana sasa naelewa Kiingereza kiasi, na chini ya sauti ya baba maneno ya wenyewe yanasikika kwa mbali. Baba Kiingereza alikuwa hajui kabisa. Alikuwa anatazama midomo na macho, anatunga. Watoto wanaogopa shangazi atawapeleka shule ya bweni, baba anasema shangazi anataka kumchinja bata kwa sababu padri anakuja kula. Bwana mwenye masharubu ni mtumishi wa nyumba ile, baba kamfanya babu aliyevuka kwa kivuko kutoka Sengerema kuja kutibiwa mguu. Kila bwana yule akiinama kwa heshima, baba anaguna, "Aah, goti."

Halafu nikajisikia mimi. Sauti nyembamba, ina haraka, inamwambia shangazi bata ni ndugu yetu. Yule mtoto, mimi wa wakati ule, hakuwa anajua chochote. Alikuwa anasubiri soda yake.

Mdogo wangu akauliza, "Dada, huyu anayeongea ni nani?"

Nikamwambia, "Ni Dj tu."

Ndivyo nilivyosema. Alikuwa anamchekea baba yake mpaka anashika tumbo, na mimi nikamwambia ni Dj tu. Ningesema ni baba, angeuliza mengine, na mengine yangefika kwenye sehemu ya pili.

Sehemu ya kwanza ilipotoka, darasani walinijua. Nikisimama kujibu swali walikuwa wanalia kama bata. Siku ya kurekodi sehemu ya pili baba alikuja kunichukua getini shuleni, nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba siendi, atafute mtoto mwingine wa kumchekesha. Akasema sawa, akaondoka. Wiki ya tatu yake akaugua, na hakupona. Sikuwahi kuitazama sehemu ya pili. Niliamini kuna mtoto mwingine mule, ameambiwa na yeye asicheue.

Sehemu ya kwanza ilipoisha nikainuka kuzima. Mdogo wangu akaficha rimoti kwenye gauni lake. Sehemu ya pili ikaanza.

Hakukuwa na mtoto mwingine. Kasichana kenye pengo kalipofungua mdomo alitoka baba, kwa sauti ya kubana pua, ana haraka kama mimi, anameza mwisho wa maneno kama mimi. Mdogo wangu alianguka kwenye zulia kwa kucheka. Mimi nilikaa kwenye mkono wa kochi, sikuweza hata kushuka nikae vizuri. Nilikuwa nasikia marehemu ananiigiza.

Ikafika sehemu kasichana kamejifungia chini ya ngazi na simu. Kanaongea muda mrefu, kanalia. Nikasubiri ile sauti ya pua. Badala yake baba akaongea kwa sauti yake ya nyumbani, polepole. "Huyu leo hataki kuongea. Ana mambo yake ya shule. Mwacheni. Ataongea akitaka."

Akanyamaza. Baba hakuwahi kunyamaza kwenye muvi, hata watu wakilala alikuwa anakoroma kwa niaba yao. Na kwa sababu amenyamaza, mtoto wa kizungu akasikika vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa anamuuliza baba yake atarudi lini.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ndoo bado ipo kichwani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nikamwamkia shikamoo. Alitua ndoo, akakaa kizingitini, ametupa mgongo, anaangalia nje, akasikiliza mpaka shangazi alipompikia bata uji na muvi ikaisha. Mdogo wangu akakimbia nje kuwahadithia wenzake habari za goti.

Nikamwambia mama kwamba nilikataa. Kwamba baba alikuja getini nikamkataa mbele za watu.

"Najua," mama akasema. "Siku tatu alikuwa jikoni kwangu anafanya mazoezi ya sauti yako. Nilimfukuza kwa mwiko." Akavua kandambili. "Nikamwambia mlazimishe mtoto, si anakula humu. Akakataa. Mdogo wako anajua ni nani yule?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi utamwambia wewe. Mimi nikianza sitamaliza."

Jioni ile tv ilikuwa imezimwa, lakini kila mtu alipotaka kusema kitu alisubiri kwanza, kama kuna mtu mwingine ataanza.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, nilimkalisha mdogo wangu kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikaanza kumsuka. Alikuwa anaguna "aah, goti" kila nikivuta nywele. Njia ya katikati ikapinda, nikaifumua, nikaanza upya. Nikamwambia nilimdanganya jana, yule hakuwa Dj tu, yule ni baba.

Akauliza, "Baba ni yupi? Yule mwenye masharubu?"

Nikamwambia ni wote. Masharubu, shangazi, bata, padri ambaye hakufika. Kasichana pia, sehemu ya pili.

"Na sehemu ya kwanza?"

Nikamwambia ni mimi. Akageuka kunitazama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, akaniambia niongee kama kale kasichana. Kwa aibu yangu yote, pale kwenye jiwe, majirani wanapita kwenda misa, nikaongea.