Wadudu wa Lwitiko Kwenye Friji ya Mgando

Lwitiko wa hapa kijijini Chapwa, mpakani na Zambia, ni mpiga picha za wadudu. Ana simu na kilensi cha kubana juu yake. Sisimizi anaonekana mkubwa kama ng'ombe. Picha huziweka mtandaoni na maneno haya: "Nimedamka alfajiri, nikamkuta kiumbe huyu akinywa umande." Watu wanamwandikia amina.

Lwitiko hajadamka tangu aoe. Akiamka, mke wake Violet ameshafagia, ameshapokea maziwa na kufungua biashara yake ya maziwa ya mgando. Wadudu anawakamata jioni kwenye maua ya maboga, anawatia kwenye vikopo vilevile Violet anavyopimia mgando, anawaweka kwenye friji wazubae kwa baridi. Kesho yake anamkalisha mmoja juu ya ua na kumdondoshea maji kwa bomba la sindano. Umande ndio huo. Mimi jirani yao nimeyaona, na ninamwomba Mungu anipe moyo wa kumheshimu. Bado hajanipa.

Friji hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Wazambia wakivuka mpaka huja kuulizia mabisi, maana mgando wao huuita hivyo, na wanakwaya hupitia hapo wakitoka mazoezini.

Siku moja Tabita, mwalimu wa kwaya, alijichukulia kikopo kama alivyozoea. Akafunua. Nyigu akapanda kidoleni.

"Violet, ndiyo unayotunywesha haya?"

"Si yangu, dada. Ni ya shemeji yako."

Lwitiko akatoka ndani na kaptula ya kulalia. "Funika, dada, atachangamka. Huyo nilikuwa namwandaa."

"Umwandae kwa chai?"

Kwaya nzima ikaacha kuja. Wazambia nao wakasikia. Mgando ukachacha mpaka ukamwagwa.

Violet alimsihi mumewe aondoe wadudu. Akajibiwa, "Mke wangu, wewe sanaa huielewi." Sanaa ya kugandisha nzi.

Hakubishana. Akaita mkokoteni, friji ikahamia barazani kwangu. Kila apitaye alimfungulia aone kuwa ndani mna maziwa tu. Tabita alirudi wa kwanza, akanywa vikombe viwili amesimama.

Jumamosi Lwitiko akaja na kikopo mkononi. "Shikamoo, mama. Naomba kanafasi kadogo tu, humu mna kipepeo."

"Marahaba, mwanangu. Muulize mwenyewe."

Violet alikuwa akimmiminia Mzambia, hakuinua kichwa. "Imejaa, baba Gloria."

Na kweli ilikuwa imejaa. Lwitiko akasimama akingoja huruma. Huruma yangu nilimpa kipepeo.