Mama Alinijibu Nikiwa Nimeshamzika

Wiki tatu baada ya kumzika mama, alinijibu swali.

Sikuota. Nilikuwa macho, saa nne asubuhi, nimekaa studio, chai inapoa mbele yangu.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Mimi ni mwandishi wa habari wa redio. Nimesoma ukubwani, madarasa ya jioni, kwa neema ya Mungu tu. Habari nasoma kwa Kiswahili, lakini muziki wangu ni wa lugha ya kwetu. Mimi nachana mistari ya rap, mama alikuwa anaimba nyimbo za kulimia alizoachiwa na bibi.

Fundi mitambo wetu, tunamwita Waya, alikuwa hachoki kunitania.

"Mzee wa kilugha, hayo makelele nani atakuelewa?"

"Mungu na mama. Wananitosha."

Sasa, redioni tuna mazoea. Kabla ya kurekodi unamuuliza mgeni, "Umekula nini asubuhi?" Jibu hulihitaji. Unataka aongee tu upime sauti, macho yako yako kwenye mshale wa kipimo cha sauti. Sauti ikikaa sawa unasema, "Twende," mnaanza. Kile kipande unakikata, unatupa.

Mimi na mama tulirekodi nyimbo nne, kila moja siku yake. Kabla ya ya tano, mama akaanguka jikoni.

"Uvimbe wa koo," daktari alisema. "Mngemleta miezi mitatu nyuma, tungekuwa na la kufanya."

Hakumaliza wiki.

Nililia, lakini nilikuwa na hasira pia. Kila nikipiga magoti namlaumu: "Mama, kwa nini ulinificha? Mimi kazi yangu kuuliza watu! Ungesema tu." Nyimbo zake nikaapa sizitoi.

Ndipo Waya akanipigia simu. "Kaka, njoo. Vile vipande ulivyokata, mimi huwa situpi."

Akabonyeza.

Sauti yangu: "Mama, umekula nini asubuhi?"

"Chai na mkate, mwanangu. Mkate umenishinda kumeza."

"Safi sana, mama! Twende."

Siku ya pili: "Uji, nusu kikombe. Haushuki."

"Poa kabisa! Twende."

Ya tatu: "Maji tu, baba. Kooni kama kuna jiwe."

"Hapo hapo, usisogee! Twende."

Ya nne alijibu polepole: 

"Sijala. Mwanangu, umenisikia?"

"Nakusikia vizuri sana, mama. Twende."

Halafu akaimba. Wimbo mzima, na lile jiwe kooni.

Waya aliinama. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Alikwambia, kaka."

Mara nne. Mbele ya kipaza sauti changu mwenyewe.

Nyimbo nimezitoa. Kila moja inaanza na swali langu na jibu lake. Sijakata hata pumzi.

Kwenye sala siku hizi siongei sana. Namwambia Mungu, "Nisamehe," kisha nanyamaza, nijifunze kusikiliza. Hilo nalo nalisoma ukubwani.

Wewe unayesoma hapa, mama yako akiwa hai, kamuulize amekula nini.

Ukishauliza, usiseme twende.