Bracket nilizochomelesha kwenye paipu za pikapu ya marehemu baba

Wakuu, salaam kutoka Voi. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Kuna mtu aliuliza humu kama kuchomelea bracket kunadhoofisha paipu. Nijibu kwa yaliyonipata.

Marehemu baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kupeleka maji kwetu Sagalla, kule mlimani. Tangi lilishikwa na fremu ya paipu, na bracket zake, vile vyuma vya kushikilia, alizifunga kwa U-bolt, bolti iliyopindwa kama herufi U, chini akaweka kipande cha tyubu ya tairi.

Kila Jumamosi alizunguka na spana akikaza, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbovu. Nilikuwa namcheka. Siku hizi ningelipa kuisikia.

Alipofariki nikarithi gari. Kukaza kaza nikaona ni ushamba, nikaenda kwa fundi wa welding pale mjini, akachomelea bracket zote. Kazi safi, hata picha nilipiga.

Miezi michache baadaye tukawa tunajengea kaburi la mzee. Mafundi wamefika, simiti ipo, kilichobaki ni maji, na mimi ndiye nayaleta. Kule juu maji ni shida, mnajua.

Katikati ya mlima nikasikia paa! Fremu imekatika, tangi limelala ubavu, maji yote barabarani.

Nilikaa kwenye jiwe nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Kuangalia, weld ni nzima kabisa. Iliyopasuka ni paipu, kando tu ya weld. Yule fundi wa welding alinieleza baadaye kwamba paipu ni nyembamba, moto unaharibu chuma pale kando, halafu mtikisiko wote unaishia hapo hapo, haumezwi tena na ile tyubu ya baba.

Nikampigia mama, nikamwambia mafundi warudi kesho. Akasema, "Hakuna kurudi. Wewe panda tu."

Nilipofika nikakuta majirani wamepanga mitungi kando ya kaburi. Maji yao ya kunywa, wakuu. Mama mmoja akaniambia, "Baba yako hakutuacha na kiu hata siku moja. Changanya simiti."

Nikashika beleshi, nikachanganya.

Somo: paipu nyembamba ifunge kwa U-bolt. Ukilazimika kuchomelea, tanguliza bamba pana lisambaze uzito.

Mafundi wa humu, nikosoeni. Na wewe ambaye mzee wako bado yupo, kabla hujabadilisha kazi ya mikono yake, muulize kwanza kwa nini anaifanya hivyo. Mimi sikuuliza.